Ramani za Pesa na Miti: Kutoka Kongwa Hadi Mto Tana

Siku hizi kuna ramani ya kila kitu. Ipo ya kukuonyesha foleni ilipo, ipo ya kukuonyesha duka la dawa lililo karibu. Na ipo aina nyingine ambayo wengi wetu hatujaipa macho: ramani zinazowaambia wenye makampuni wapi waweke pesa ili kurudisha misitu, nyanda za nyasi, mikoko na vyanzo vya maji vilivyoharibika. Zinatengenezwa kwa picha za setilaiti, zinapakwa rangi mahali panapoitwa "fursa", halafu zinatupwa ukutani kwenye mikutano ya hotelini. Mkurugenzi anatazama, anauliza: ni hekta ngapi, na ni shilingi ngapi?

Mimi kila nikiziona najiuliza swali jingine: hii ni mara ya ngapi? Maana ardhi yetu imeshawahi kuchorewa ramani na watu wenye pesa, tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo leo naomba tuzungumze historia kidogo. Usiogope, si ile ya kukariri tarehe kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Ni historia ya swali moja tu: pesa ya biashara inapotaka kuingia ardhini, nani anaionyesha njia?

Tuanze mwaka 1946. Uingereza imetoka vitani, imeshinda, lakini haina mafuta ya kupikia ya kutosha. Bwana mmoja anaitwa Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akapata wazo: Tanganyika ina ardhi kubwa, kwa nini tusilime karanga kule? Serikali ya London ikalipenda wazo. Ikatuma wataalamu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika. Walizunguka kwa wiki 9, sehemu nyingi wakizitazama kutoka ndani ya ndege. Wakarudi na mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa kama pauni milioni 25.

Sehemu ya kwanza kuanza ilikuwa Kongwa, Ugogo. Matrekta yakaletwa, mengine yakiwa mabaki ya jeshi. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa vya kung'olea visiki. Ukiwa angani unaona pori, na pori machoni pa mgeni maana yake ni ardhi isiyo na mwenyewe. Lakini kuna vitu viwili ambavyo ndege haivionyeshi. Haikuonyeshi mvua ya mwaka ujao ambayo haitanyesha. Na haikuonyeshi kwamba ule udongo, mvua ikikatika, unakauka ukawa mgumu kama sakafu, majembe ya trekta yakavunjika na karanga zikanasa humo humo.

Wagogo walikuwa wanayajua yote mawili. Walikuwa wamepitia njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ile waliyoiita Mtunya, na kila mzee wa Kongwa wa mwaka 1946 alikuwa na mtu aliyemzika wakati ule. Hawakuwa wafugaji wanaohamahama na ng'ombe wao kwa sababu ya ushamba. Walihama kwa sababu mvua ya kwao nayo inahama. Maarifa hayo hayakuwa na nafasi kwenye ramani ya Wakefield. Januari 1951 Uingereza ikatangaza kuachana na ule mpango mkubwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu.

Najua kuna msomaji atanikatiza hapa: kaka, kulima karanga na kurejesha uoto wa asili ni vitu viwili tofauti! Kweli kabisa. Mmoja anang'oa, mwingine anapanda. Lakini swali lililoulizwa ni lile lile: wapi kuna ardhi tupu inayosubiri pesa yetu? Na jibu lilitoka mahali pale pale: juu. Ndiyo maana nasema Kongwa ndiyo ramani ya kwanza tunayopaswa kuisoma kabla ya kuzishangilia hizi za leo.

Sasa twende pwani, Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954. Saruji inatokana na mawe ya chokaa, na mawe yanachimbwa. Baada ya miaka kama 15 pale palikuwa na mashimo makubwa meupe, hayana udongo, jua linawaka juu na maji ya chumvi yako karibu chini. Mwaka 1971 kampuni ikamwachia kazi mtaalamu wake wa kilimo, Mswisi René Haller, ajaribu kuotesha kitu. Akajaribu aina 26 za miti. Zilizosimama vizuri zilikuwa 3 tu: mnazi, mti mmoja wenye asili ya Somalia unaoitwa damas, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba kazi. Lakini majani yake yalianguka yakakaa tu, hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Haller akagundua kwamba jongoo wekundu wanayala yale majani na kinyesi chao kinageuka mboji. Akawaleta kwa wingi. Jongoo, jamani! Yule yule tunayemrukia tukimkuta mlangoni. Taratibu udongo ukatokea, miti mingine ikaingia, ndege wakaja wenyewe, mabwawa ya samaki yakachimbwa. Ndipo mahali ambapo baada ya tsunami ya Desemba 2004 mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen alimganda kobe mzee aliyeitwa Mzee, na dunia nzima ikacheka na kulia. Leo panaitwa Haller Park. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Amsons ya hapa Tanzania mwaka 2024, kwa hiyo lile shimo na msitu wake sasa ni urithi wa mfanyabiashara wa nyumbani.

Angalia Bamburi walivyojibu swali la "wapi". Hawakuhitaji setilaiti. Walianza na shimo walilolichimba wenyewe. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya kampuni yoyote, na ndiyo ambayo makampuni mengi hayapendi kuichora. Ni rahisi zaidi kupanda miche elfu kumi mkoa wa mbali mbele ya kamera kuliko kushughulika na mfereji wa maji machafu nyuma ya kiwanda chako.

Lakini kuna madhara ambayo hayana shimo moja la kuonyesha kidole. Hapo ndipo inapoingia Shinyanga.

Wakati wa ukoloni, kuanzia miaka ya 1920, misitu ya Usukumani ilifyekwa kwa nguvu ili kuwamaliza mbung'o. Ikafuata pamba. Pamba ikaenda kwenye vinu, ikauzwa nje, na gharama ya miti iliyoondoka haikuandikwa kwenye daftari la mtu. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa, na maeneo waliyokuwa wakiyatunza yakabaki bila wa kuyalinda. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inatajwa kama jangwa la Tanzania. Akina mama walitembea saa nyingi kutafuta kuni, wengine wakapikia kinyesi cha ng'ombe.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ikisaidiwa na Norway. Mwanzoni wataalamu walikuja na miche, kama kawaida ya wataalamu. Baadaye wakakaa chini na wazee wakasikia neno ambalo halikuwa kwenye vitabu vyao: ngitili. Ni utaratibu wa Wasukuma wa kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, kisha kukifungua katikati ya kiangazi ng'ombe wanapokosa nyasi. Kipande kikipumzika, visiki vilivyo hai ardhini vinachipua vyenyewe. Hununui mche, humwagilii. Unachohitaji ni makubaliano ya kuacha, na mtu wa kuyasimamia. Hao walikuwepo: dagashida, lile baraza la jadi, na sungusungu.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa yamepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mimi hapa ndipo ninapopata somo la pili. Ramani bora ya Shinyanga ilikuwa tayari ipo, lakini haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa kwenye vichwa vya wazee, na ilitoweka machoni pa serikali kwa sababu tu hakuna aliyewauliza.

Sasa, Shinyanga pesa ilikuwa ya serikali na wafadhili. Je, biashara? Hebu tuzungumze maji, maana maji ndiyo yanayoifanya kampuni ione kwamba mlima ulio mbali ni wake pia.

Wewe uliyekulia Dar es Salaam unaijua rangi ya maji ya bomba wakati wa masika. Yale maji yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu inatoka Uluguru. Mkulima wa kule akilima mteremkoni bila matuta, udongo wake unashuka na maji. Mtambo wa kusafisha unapambana na tope, unatumia dawa nyingi zaidi, na mwisho wa yote unalipa wewe. Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza mradi wa kuwalipa wakulima wa milima hiyo ili walime kwa kutunza udongo. Wanunuzi waliotafutwa walikuwa wanywaji wakubwa wa huku chini: DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji ya jiji wakati ule, na Coca-Cola Kwanza. Watafiti hawakusema "Uluguru yote". Walipima mito ipi inaleta tope, wakaenda Kibungo Juu, kwenye bonde la Mfizigo.

Nairobi walilifanya jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Jiji lile linapata asilimia 95 hivi ya maji yake kutoka bonde la juu la Mto Tana, kwenye Aberdare na maeneo ya jirani, na mto huo huo ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya KenGen. Mwaka 2015 ukazinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ukiratibiwa na shirika la The Nature Conservancy. Mezani walikuwepo kampuni ya maji ya jiji, KenGen, Coca-Cola, na watengeneza bia wa East African Breweries. Kabla ya kutoa pesa waliuliza swali la kibiashara, tena bila aibu: tukiweka dola milioni 10 mlimani kwa miaka 10, zitarudi? Hesabu iliyofanywa ikajibu kwamba faida ingefikia dola milioni 21.5 ndani ya miaka 30, kwa tope kupungua, umeme kuongezeka na mazao ya wakulima kupanda.

Ile ramani yao ilifanyaje kazi? Si uchawi. Kompyuta inagawa bonde katika vipande vidogo. Kila kipande kinaulizwa: mteremko wako ni mkali kiasi gani? Mvua yako je? Udongo wako ni wa aina gani? Juu yako pamepandwa nini, chai, mahindi au hakuna kitu? Umbali wako na mto? Kisha inahesabu: shilingi moja ikiwekwa hapa, tope litakalozuiwa ni kiasi gani, na ikiwekwa pale je? Mashamba mawili yaliyo jirani yanaweza kutofautiana sana. Shamba la kwanza likichimbwa matuta na kupandwa majani ya tembo kingoni, mto unabadilika. La pili hata ukilifanyia hivyo hivyo, mto hausikii. Kwa hiyo pesa haikumwagwa Aberdare nzima. Ilielekezwa kwenye mabonde matatu: Sagana-Gura, Maragua na Thika-Chania.

Na jambo la kuzingatia ni kwamba mkulima wa Murang'a hakuambiwa ahame. Shamba limebaki lake. Majani ya tembo anamlisha ng'ombe wake, maji ya mvua anayavuna kwenye bwawa dogo akamwagilia kiangazi. Mtu wa Nairobi anapata maji safi, mtu wa Murang'a anapata maziwa. Ndiyo maana inaweza kudumu.

Linganisha sasa na ramani za dunia nzima. Mwaka 2011 taasisi kadhaa zikiwemo IUCN na World Resources Institute zilitoa ramani iliyosema kuna hekta bilioni 2 duniani zinazofaa kurejeshwa. Mwaka huo huo, mjini Bonn, serikali na mashirika yakaahidi hekta milioni 150. Mwaka 2015 Afrika ikaweka lengo lake la hekta milioni 100 kufikia 2030, kwa jina la AFR100. Mwaka 2019 watafiti wa Zurich wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba dunia ina nafasi ya miti kwenye hekta milioni 900 zaidi. Magazeti yakashangilia, makampuni yakakimbilia miche. Miezi michache baadaye wanasayansi wengine wakajibu kwenye jarida hilo hilo: mmehesabu nyanda za nyasi kama mahali palipokosa miti! Savana haijaharibika kwa kukosa msitu. Savana ndivyo ilivyo, na wanyama na wafugaji wanaitegemea hivyo hivyo ilivyo.

Sisemi ramani kubwa hazina maana. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Bernardo Strassburg wa Brazili ilionyesha kwenye jarida la Nature kwamba kurejesha asilimia 15 tu ya ardhi iliyobadilishwa, kama ukichagua mahali penyewe hasa, kunaweza kuzuia asilimia 60 ya viumbe vinavyotarajiwa kutoweka, na kwamba kuchagua vizuri kunaweza kuifanya pesa ile ile ifanye kazi mara 13. Mara 13! Kwa hiyo swali la "wapi" ni la maana mno kuachiwa watu wa matangazo.

Lakini mwaka huo huo, 2020, utafiti mwingine ulihesabu watu wanaoishi juu ya zile hekta za "fursa" katika nchi za joto za kusini mwa dunia. Karibu milioni 295. Soma tena. Ile rangi ya kijani ukutani hotelini ina watu karibu milioni 295 ndani yake. Wana mashamba, wana makaburi ya babu zao, wana njia za ng'ombe. Ukiwa juu huwaoni, kama Wakefield asivyowaona Wagogo.

Wengi wenu mnaosoma hapa mko kwenye mabenki, kampuni za simu, mashirika, au mtaingia huko kesho kutwa. Siku moja italetwa ramani mezani kwako na utaombwa maoni. Naomba uulize maswali matatu. La kwanza, kabla ya fursa za mbali, shimo letu wenyewe liko wapi? Hilo ni la Bamburi. La pili, nani huku chini anaumia na uharibifu wa kule juu, na yuko tayari kulipa mwaka wa 10 kama alivyolipa mwaka wa kwanza? Hilo ni la Tana. La tatu, na kwangu ndilo kubwa, nani anaishi pale, naye anapaitaje? Hilo ni la Shinyanga. Mahali ambapo wenyeji wana jina, utaratibu na mlinzi, pesa kidogo inafika mbali. Mahali ambapo ramani inasema "tupu", shika mfuko wako vizuri.

Tumalizie Kongwa. Kuanzia mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, limewafundisha wakulima wa Dodoma njia inayoitwa Kisiki Hai. Unatafuta kisiki kilicho hai shambani kwako, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unayapogoa, unakifunga kitambaa ili kila mtu ajue kinatunzwa. Huko Pembamoto, wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, watu wamechimba kwa majembe ya mkono makingamaji yenye umbo la nusu mwezi ili mvua ile kidogo isikimbie.

Wilaya ile ile ambako vifaru vililetwa kung'oa visiki. Vingine, kumbe, vilikuwa bado hai chini.

Mnasemaje?